Kipande kidogo mkononi mwa mpiga gita

Katika miji yetu ya Kongo hakuna mtaa usioijua sauti ya gita. Twalisikia arusini, twalisikia katika sikukuu za shule, na katika parokia nyingi laandamana na ngoma kuongoza nyimbo za kwaya. Wazazi waliokuwa wakiliogopa zamani, wakidhani ni chombo cha walevi tu, leo humnunulia mtoto gita au humruhusu kuazima la jirani. Jambo hilo ni jema. Lakini sisi tunaokaa na vijana kila siku tumeona kwamba wengi huanza kwa moto mkali na kuacha baada ya miezi michache. Ukiwauliza sababu, mmoja atakujibu: «Mkono wangu unauma.» Mwingine atasema: «Nyuzi hazinitii, sina kipaji.» Baba yake naye huitikia kwamba kweli mtoto hana kipaji, na gita hutundikwa ukutani mpaka nyuzi zishikwe na kutu.

Ndugu wasomaji, kabla ya kukata hukumu hiyo, tazameni kwanza vidole vya mkono wa kuume vya mtoto huyo. Kati ya gumba na kidole cha shahada mtakuta kipande chembamba cha plastiki, chenye pembe tatu, urefu wake kama milimita 30 na upana wake pungufu kidogo. Wafaransa hukiita médiator, na vijana wetu husema mediatori. Ni kitu cha bei ndogo kabisa katika vyombo vyote vya muziki, na kwa hiyo hakuna anayekifikiria. Hununuliwa chochote kilichopo sokoni. Hata hivyo ndicho kinachogusa uzi. Mkono hauna njia nyingine ya kusema na gita ila kwa kupitia hapo.

Ikiwa mediatori haimfai mwenye kuipiga, itamteleza. Ikimteleza, ataiminya. Akiiminya, msuli wa gumba utachoka, kifundo cha mkono kitakuwa kigumu kama mti, mwendo wa wimbo utachelewa, na baada ya nusu saa maumivu yatapanda hata kwenye kiwiko. Hapo ndipo kijana husema hana kipaji. Basi kanuni tunayotaka kuieleza leo ni fupi: mediatori inayokufaa ni ile unayoweza kuishika bila kuiminya. Mengine yote, unene, umbo na rangi, yafuata nyuma ya kanuni hiyo.

Je, ni lazima kuitumia?

Swali la kwanza si «ninunue ipi?», bali «je, naihitaji?» Sisi Wakongo tuna haki ya kuuliza hivyo, kwa sababu baadhi ya wapiga gita wetu mashuhuri hawakuitumia.

Mwaka 1952, katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi nyimbo za kijana mmoja wa Katanga aliyeimba kwa Kiswahili. Kijana huyo ni Mwenda Jean Bosco, aliyejulikana pia kwa jina la Mwenda wa Bayeke. Wimbo wake «Masanga» ulienea mbali sana na Katanga, wataalamu wa ng'ambo waliuandikia makala, na mwaka 1969 yeye mwenyewe alialikwa kupiga katika tamasha la Newport, huko Marekani. Alifariki mwaka 1990. Edouard Masengo na Losta Abelo ni wengine wa kundi hilo la wapigaji wa Katanga waliotumia gita kavu, lisilo na umeme.

Mwenda alipiga kwa vidole viwili tu, gumba na kidole cha shahada. Gumba lilishika nyuzi nene, likitembea kama miguu ya msafiri. Kidole cha shahada kiliimba juu ya nyuzi nyembamba. Msikilizaji asiyemwona hudhani kwamba wapigaji ni wawili. Jambo hili mediatori peke yake haiwezi kulifanya. Yenyewe ni ncha moja: hupiga uzi mmoja, au huzikwangua nyuzi zinazofuatana kwa mstari, lakini haiwezi kugusa uzi mnene wa juu na uzi mwembamba wa chini kwa wakati mmoja na kuiacha mingine iliyo katikati ikiwa kimya.

Kwa hiyo kijana anayetaka kupiga kwa namna ya wazee wa Katanga asipoteze faranga zake. Aache mediatori, afuge kidogo ukucha wa gumba na wa kidole cha shahada, na aanze kwa subira. Wako pia wanaovaa mediatori ya gumba, iliyokunjwa kama pete. Hiyo haiponyoki, nayo huongeza nguvu ya nyuzi nene huku vidole vingine vikiwa huru. Na wako wanaoishika mediatori ya kawaida kwa gumba na shahada, wakapiga nyuzi nyembamba kwa kidole cha kati na cha pete. Njia hizi zote ni halali.

Lakini anayepiga katika kwaya ya watu 40, pamoja na ngoma tatu, atagundua upesi kwamba nyama ya kidole haisikiki. Anayepiga gita la umeme katika bendi, akirudia maneno yaleyale ya nyuzi kwa kasi katika sebene, naye atataka ncha iliyo ngumu kuliko ukucha. Hao ndio tunaosema nao sasa.

Kutoka unyoya hadi nailoni

Watu walianza zamani sana kupiga nyuzi kwa kitu kilichoshikwa mkononi. Wapigaji wa udi, chombo cha Waarabu kinachosikika hata katika taarabu ya Unguja, hutumia risha, na maana ya neno hilo ni unyoya. Kwani zamani ilichongwa kutoka shina la unyoya wa tai. Huko Ulaya na Marekani wapigaji wa mandolini na wa gita walipenda gamba la kasa, yule ambaye watu wa pwani humwita ng'amba. Gamba lake lina ugumu wa kadiri, halivunjiki upesi, na hutoa sauti safi bila kuparuza. Gamba la kasa lilikuwa mali ya pwani ya Afrika ya Mashariki tangu kale: kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinalitaja pamoja na pembe za ndovu kati ya bidhaa zilizotoka huko.

Lakini ng'amba waliwindwa mpaka wakakaribia kwisha. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1973 juu ya biashara ya wanyama walio hatarini uliwaweka chini ya ulinzi, na nchi yetu ilijiunga na mkataba huo mwaka 1976. Leo kuuza gamba hilo kutoka nchi moja kwenda nyingine ni marufuku. Mtu akikuletea mediatori ya gamba la kasa na kukusifia, umwache aende nayo.

Haja ya gamba ilikuwa imekwisha kupungua kabla ya hapo, kwa sababu ya plastiki. Plastiki ya kwanza iliyotumika sana kwa kazi hii ni seluloidi. Mmarekani John Wesley Hyatt aliitengeneza karibu na mwaka 1870, alipokuwa akitafuta kitu cha kushika mahali pa pembe za ndovu katika mipira ya mchezo wa biliadi. Hivyo kitu kilichobuniwa ili kupunguza haja ya pembe kikaja kupunguza haja ya gamba pia. Huko New York, tangu mwaka 1922, Luigi D'Andrea alikata mediatori za seluloidi kwa wingi, na umbo la pembe tatu zilizoviringwa tunaloliona kila mahali leo lilienea kutoka katika kazi ya viwanda vya namna hiyo. Nailoni ilifuata, iligunduliwa mwaka 1935 katika maabara ya kampuni ya DuPont. Mwaka 1981 kampuni ya Dunlop ilitoa mediatori za Tortex, za plastiki ngumu isiyong'aa, ili kuiga mwendo wa gamba la kasa bila kumgusa mnyama.

Hizi tatu, seluloidi, nailoni na plastiki isiyong'aa, ndizo utakazokutana nazo, na kila moja ina tabia yake. Seluloidi hung'aa, ina rangi nzuri za madoadoa, na sauti yake ni changamfu. Lakini ncha yake hulika upesi, na tena hushika moto kwa urahisi, basi isiachwe karibu na mshumaa. Nailoni ni laini, hupindika na kurudi bila kuvunjika, na sauti yake ni ya upole kidogo. Kwa kuwa yenyewe huteleza, watengenezaji huichapa vinundu ili vidole vipate kushika. Plastiki isiyong'aa ina uso mkavu, kama umepakwa vumbi la chaki, na hudumu zaidi. Wenye vidole vya jasho hupatana nayo.

Unene

Juu ya mediatori nyingi pameandikwa tarakimu. Hiyo ndiyo habari ya maana kuliko zote zilizoandikwa hapo, nayo ni unene wake kwa milimita. Usitegemee maneno «nyembamba», «ya kati» au «nene», maana kila kiwanda huyatumia kwa kipimo chake. Tazama tarakimu.

Kuanzia 0,40 hata 0,60 ni nyembamba. Ukiipitisha juu ya nyuzi zote sita, hupinda kama jani na kupita. Haizuiliki, wala haimzuii mkono. Yafaa kwa kusindikiza nyimbo kwa kukwangua nyuzi zote pamoja. Kasoro yake ni kwamba nyuzi nene hazipati nguvu, na kila pigo huongeza mlio wa plastiki yenyewe, tak-tak, juu ya muziki.

Kuanzia 0,60 hata 0,85 hivi ni ya kati. Hupinda kidogo tu. Huweza kukwangua, huweza pia kupiga uzi mmoja mmoja. Kwa mwanafunzi asiyejua bado njia yake, hapa ndipo pa kuanzia.

Kuanzia 0,85 hata 1,2 na kuendelea ni nene. Hii haipindi. Nguvu yote ya mkono hufika kwenye uzi, sauti hujaa, na kila noti husimama peke yake. Lakini haisamehe. Mkono mzito utaikwamisha kati ya nyuzi, na anayekwangua kwayo bila ustadi atakata nyuzi na kuwachosha wasikilizaji.

Katika mediatori za Tortex rangi husaidia: nyekundu ni 0,50, ya machungwa 0,60, ya manjano 0,73, ya kijani 0,88, ya buluu 1,0 na ya zambarau 1,14. Rangi hizi ni za kampuni hiyo tu. Kwingineko nyekundu yaweza kuwa kitu kingine kabisa, na sokoni ziko pia za kuiga. Basi rangi isikudanganye, jaribu kwa vidole.

Jambo moja huwashangaza wanafunzi. Wanadhani mediatori nyembamba ni rahisi kushika kwa sababu ni laini. Ukweli huwa kinyume mara nyingi. Iliyo nyembamba hupepesuka, na mkono usioiamini huibana zaidi. Iliyo nene kidogo hukaa mahali pake, na vidole hupumzika. Kijana anayelalamika kwamba mkono wake wauma ajaribu kupanda daraja moja la unene kabla ya kulaumu mkono.

Umbo na ncha

Ncha iliyochongoka hutoa sauti kali na yenye kusikika wazi. Ncha ya mviringo hutoa sauti ya joto na kuteleza juu ya uzi bila kukwama. Kadhalika umbo lote: ile kubwa yenye pembe tatu zilizo sawa huwapa vidole nafasi nyingi ya kushika, na ncha moja ikiisha hugeuzwa ikatumika ya pili na ya tatu. Twaipendekeza kwa watoto na kwa wenye mikono mikubwa. Ile ndogo kama tone la maji hupendwa na wapigaji wa kasi, maana safari yake kati ya uzi na uzi ni fupi; lakini anayeanza huipoteza ndani ya vidole vyake.

Katika bendi zetu kazi zimegawanyika, na kila kazi ina haja yake. Gita la kusindikiza hukwangua na kushika mwendo: la kati au chembamba kidogo lamfaa mpigaji wake. Gita la solo huimba noti moja moja, juu na kwa kasi: hutaka kipande kinene, chenye ncha iliyo wazi. Kati yao yuko mi-solo, yule anayezunguka kwa dakika nyingi katika maneno yaleyale ya nyuzi huku wengine wakibadilika. Huyu hasa ndiye wa kuangalia sana ushikaji wake, kwani sebene haimpi nafasi ya kupumzika. Kosa dogo la vidole, likirudiwa mara elfu, ndilo linaloleta maumivu. Mpiga besi naye mara nyingi huacha mediatori na kutumia vidole.

Namna ya kushika

Kunja vidole vya mkono wa kuume bila kuvikaza, kama mtu aliyeshika kifaranga: asimwachie, asimwumize. Weka mediatori juu ya ubavu wa kidole cha shahada, karibu na kiungo cha mwisho, ncha ikielekea nyuzi. Kisha shusha gumba juu yake. Ncha itokeze kidogo tu, kama milimita 3 au 5. Ikitokeza zaidi, itapepesuka na kunaswa. Ikitokeza kidogo mno, vidole vitagusa nyuzi na kuzinyamazisha. Mwendo utoke katika kifundo cha mkono, wala si katika bega.

Usiisimamishe wima kabisa mbele ya uzi. Ilaze upande kidogo, ipite kwa ubavu wake kama kisu kinachopakaza siagi. Hapo hupungua kukwama, na kwa hiyo hupungua haja ya kubana.

Jasho ni adui wa siku zote katika nchi za joto. Kanisa likijaa watu mwezi wa tatu, hata mpigaji hodari huona mediatori ikizunguka vidoleni kama samaki. Dawa zake ni nyepesi. Futa vidole kwa kitambaa kikavu kabla ya wimbo, wala usipake mafuta mikononi kabla ya kupiga. Kwangua uso wa mediatori kwa msumari au kwa karatasi ya msasa, ukichora mistari iliyopishana pale tu gumba linapokaa. Au toboa tundu dogo katikati, nyama ya gumba na ya shahada zikutane humo. Wapigaji wa mandolini wa zamani walikuwa wakibandika kipande chembamba cha kizibo. Leo waweza kubandika kipande cha mpira wa baiskeli. Jambo la pekee la kuangalia ni kwamba ncha yenyewe ibaki laini.

Na ikianguka ndani ya tundu la gita? Watoto wengi hulitikisa gita kwa hasira, na kuna waliolivunja. Linyanyue taratibu, uliinamishe mpaka usikie mediatori imetua ndani juu ya ubao wa nyuma, karibu na tundu. Kisha ligeuze ghafula, tundu litazame chini. Itaanguka yenyewe. Isipoanguka mara ya kwanza, rudia. Haizidi mara tatu au nne.

Kujaribu kabla ya kununua

Mwuzaji mwema hatakataa ujaribu. Nenda na gita lako ikiwezekana, au uombe lililopo dukani. Fanya hivi:

1. Ishike kama tulivyosema, kisha tikisa mkono kama mtu anayekung'uta maji. Isianguke, nawe usijikute umeibana.

2. Mwombe mwenzako aivute polepole. Yafaa itoke kwa upinzani kidogo. Ikitoka kama unywele katika unga, imelegea; ikikataa kabisa, unaiminya.

3. Kwangua nyuzi zote, chini na juu, mara 20. Kisha tazama: je, ncha imegeuka upande? Ikiwa imegeuka, uso wake hauelewani na vidole vyako.

4. Piga uzi mnene peke yake, kisha uzi mwembamba peke yake. Sauti zote mbili zisikike sawa, bila wewe kuongeza nguvu.

5. Mwisho ugeuze mkono, utazame gumba. Alama nyeupe iliyozama katika ngozi ni ushahidi kwamba umebana mno.

Ikiwa huna nafasi ya kujaribu, nunua tatu zenye unene mbalimbali, kwa mfano 0,60 na 0,73 na 0,88, kisha uzitumie juma moja moja nyumbani kwa wimbo uleule. Mwisho wa majuma matatu mkono wenyewe utakuwa umechagua. Tena usizibadilishe kila siku, maana vidole huhitaji kuzoea.

Kwa walio mbali na duka

Wako wasomaji wetu wanaokaa mbali na mji, ambako hakuna mwuzaji wa vitu hivi. Wasikate tamaa. Luambo Makiadi, ambaye dunia yamjua kwa jina la Franco, alipokuwa mtoto huko Léopoldville alianza kwa gita la kujitengenezea mwenyewe, kwa bati na nyaya za umeme. Kama gita lote liliweza kutengenezwa nyumbani, mediatori haiwezi kutushinda.

Kadi ya benki iliyokwisha muda wake, au ile kadi inayobakia baada ya kutoa SIM ya simu, ina unene wa milimita 0,76. Yaani ni mediatori ya kati iliyo tayari, bado kukatwa tu. Chora umbo lake, likate kwa mkasi, kisha usugue ukingo wote kwa msasa au juu ya jiwe laini mpaka usione ukali. Ukingo wenye meno hukwaruza nyuzi na kutoa mlio mbaya. Uso wa kadi huteleza, basi ukwangue kama tulivyoeleza juu ya jasho. Plastiki hiyo si imara, ncha yake italika baada ya siku chache. Lakini kadi moja hutoa mediatori nne au tano. Twamwonya kijana asiikate kadi ya uchaguzi ya baba yake.

Epukeni vipande vya bati. Kuna wapigaji mashuhuri wa Ulaya wanaopiga kwa chuma. Brian May wa Uingereza hupiga kwa sarafu ya peni sita. Lakini yeye ni bingwa, na gita lake ni la umeme. Mikononi mwa mwanafunzi bati hula nyuzi na kuchuna ubao. Vilevile gita lenye nyuzi za nailoni halikuundwa kwa mediatori: ubao wake wa mbele ni mwororo, na mara nyingi hauna kibao cha kuukinga. Gita hilo lipigwe kwa vidole.

Neno kwa wazazi

Wahenga walisema: mchagua jembe si mkulima. Twaliheshimu neno hilo. Kijana anayezurura madukani akitafuta mediatori ya ajabu itakayompa vidole vya Mwenda au vya Franco hatalima kamwe. Hakuna kipande cha plastiki kinachofundisha mazoezi. Hata hivyo hakuna mzee wa kijiji anayempeleka mtoto shambani na jembe lenye mpini uliolegea, kisha akamwita mvivu anapotoka malengelenge. Kwanza hukaza mpini.

Basi mtoto wako akisema mkono wauma, usimkaripie, wala usiharakishe kuuza gita. Mketishe mbele yako, mwambie apige wimbo mmoja mpaka mwisho, nawe utazame gumba lake. Ukiona limekuwa jeupe kwa kubana, utakuwa umeipata sababu, na kuiondoa ni kazi ya msasa kidogo, au ya faranga chache, na ya juma moja la kuzoea. Maumivu yakiendelea hata baada ya hapo, mpumzishe, umpeleke kwa mganga wa zahanati. Mkono ni wa kulimia na kuandikia pia.

Nanyi vijana, mkiisha kupata iliyo yenu, itunzeni. Ichomekeni kati ya nyuzi kwenye kichwa cha gita mkimaliza kupiga, mtaikuta pale kesho. Itazameni ncha kila juma. Ikiwa imelika upande mmoja, isugueni au igeuzeni. Na mnapopiga, sikilizeni zaidi ya kutazama. Siku mtakapomaliza wimbo mzima na kugundua kwamba mmesahau kabisa kuwa mmeshika kitu, hapo mtajua mmechagua vema.